Zamu ya Chiriku Bafuni

Jina ulilopewa na wazazi ni lako na la karatasi za serikali. Jina ulilopewa na majirani ndilo utakalozikwa nalo. Msafi alikuwa na yote mawili, ila lile la kwanza lilikwisha kuota kutu. Hata bosi wake, kwenye duka la vifaa vya ujenzi alikokuwa akichanganya rangi, siku mojamoja alimgeukia akamwuliza, "Hivi wewe Msafi, jina lako hasa nani?"

Na ukimtazama ungecheka. Mtu anayeshinda na makopo ya rangi hawezi kuwa msafi hata akiapa. Kucha zake zilikuwa na mistari ya buluu, nyusi zina vidoa vyeupe, na viatu vyake havikuwa na rangi moja unayoweza kuitaja. Wateja wageni walidhani jina lile ni dhihaka, kama mtu mnene anavyoitwa Kijiti. Hapana. Alilipata utotoni, ndani ya nyumba ileile anayoishi mpaka leo, na mama yake mzazi ndiye aliyelitangaza mtaa mzima. Tutafika huko. Tuanze na bafu, maana bila bafu hakuna hadithi.

Nyumba ilikuwa ya chini, korido nyembamba katikati, vyumba kushoto na kulia, na mwisho wa korido mlango wa bafu dogo. Mama yake, ambaye sasa kila mtu alimwita Bibi, alikuwa na bafu lake chumbani, lenye kiti na vyuma vya kujishikilia. Msafi alioga uani, kwenye kibanda kisicho na paa, jua na mvua. Ukimwuliza kwa nini mtu mzima kama yeye, mwenye bafu ndani, anaoga nje, alijibu kwamba bomba la kule limekufa. Bomba halikuwa limekufa. Yeye mwenyewe ndiye aliyeifunga koki yake, akajaza bafu lile maboksi na ngazi na makopo matupu, akalifanya stoo, na Bibi wala hakuuliza.

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Mambo yake aliyafungia ndani, na ukigonga alikujibu "hamna shida." Mke wake aliishi na hiyo "hamna shida" mpaka ikamshinda. Waliachana bila kurushiana sahani. "Sina ugomvi na wewe," Mama Chiriku alimwambia siku anafunga mizigo. "Ila miaka yote hii hujanishirikisha jambo hata moja. Nimechoka kuolewa na mtu ambaye hayupo." Na Msafi, mtu wa Mungu, akamjibu nini? Akamjibu hamna shida.

Chiriku ndiye binti yao, wa miaka sita. Jina lake la utani linatosha kukueleza: yule mtoto aliongea kama analipwa. Aliongea akila, akisuka nywele za mwanasesere, hata usingizini aliwapangia watu kazi. Kwa Msafi, nyumba ikiwa na Chiriku ilikuwa nyumba. Bila yeye ilikuwa kuta na Bibi. Alimpenda kupita alivyowahi kumwambia mtu, na kama unavyojua, hakuwahi kumwambia mtu.

Walipopatana kwamba mtoto aje kulala kwa baba yake kila mwisho wa wiki, Mama Chiriku alitoa sharti moja.

"Mwanangu haogi uani. Ghorofa ya jirani ina madirisha, na madirisha yana macho. Na bafuni kwa Bibi haogi tena, sakafu ile inateleza, lile kovu la kidevu linatosha. Lile bafu la mwisho wa korido lina kasoro gani?"

Msafi akakuna kichwa. "Hamna shida. Nitalitengeneza."

Mfuko wake ulikuwa mwepesi, lakini mchanganya rangi hakosi pa kuanzia. Kila duka la rangi lina rafu moja ya aibu, nyuma kabisa, yanapowekwa makopo yaliyokosewa. Mteja alitaka rangi ya maziwa, akapewa ya samli. Alitaka kijivu, kikatoka cha zambarau. Hayo hakuna anayeyanunua. Bosi akamwambia achukue anachotaka, maana yanamjazia nafasi. Msafi akachukua ya samli, akachukua ya ndimu iliyomkera mteja mmoja mwenye hoteli, akachukua kijani kilichokuwa kikali mno, akavichanganya kidogokidogo kwenye ndoo, anakoroga, anapaka ubaoni, anasubiri ikauke, anaongeza. Mwisho ikatoka rangi ya kijani kichanga, ya jani linalochipua. Rangi ile haikuwa na namba, na ikiisha ndiyo imeisha. Akaiita kijani cha Chiriku.

Akatoa maboksi. Akasugua ukungu mweusi kwenye pembe kwa brashi na dawa ya madoa, akapiga msasa kuta mpaka mabega yakamuuma, akaziba nyufa. Vigae alivipata vya mabaki, kila kimoja na ukoo wake, akavipanga bila mpango ukutani juu ya beseni, na vikapendeza kuliko angevipanga kwa rula. Pazia alilikata kutoka kwenye kitambaa cha meza cha plastiki chenye samaki wekundu. Kioo alikishusha kikamfikia mtoto. Akabadilisha mpira wa ndani ya koki ili isidondoshe, akafunga taa mpya. Na komeo la mlangoni, lile la zamani la chuma, aliling'oa siku ya kwanza kabla ya jambo lolote, akaziba matundu yake, akalitupa. Alisema ni kwa usalama wa mtoto.

Jambo moja lilikuwa la ajabu katika kazi ile, nalo hakuna aliyekuwepo kuliona. Muda wote aliuzuia mlango kwa kopo lililojaa rangi usije ukajifunga. Rangi inataka hewa, alijiambia. Ni kweli rangi inataka hewa. Lakini mtu anayepima pazia anataka hewa ya nini?

Mkono wa kwanza wa rangi aliupiga Jumapili asubuhi. Aliporudi kuutazama mchana, ukuta ulio nyuma ya mlango ulikuwa na michirizi minne iliyoshuka sambamba, kama vidole vilivyoburuzwa juu ya rangi mbichi. Ilianzia usawa wa kiuno chake. Chiriku alikuwa kwa mama yake, ng'ambo ya mji. Bibi hakuweza kuinama hata kuokota ufunguo. Msafi akasema panya. Akarudia kupaka. Kesho yake michirizi ilikuwepo, palepale, na safari hii alikuwa ameufunga mlango wa mbele kwa ufunguo wakati yuko kazini na Bibi yuko kliniki. Panya gani huyo mwenye vidole vinne? Akapaka mara ya tatu, halafu akapigilia kigingi cha taulo mahali pale na kutundika taulo kubwa, na hakulifunua tena.

Jumamosi Chiriku alifika na begi mgongoni, akampa Bibi shikamoo ya mbiombio, akanyooka hadi mwisho wa korido.

"Baba! Samaki! Baba, kioo kinanifikia! Baba, hii rangi inaitwaje?"

"Inaitwa kijani cha Chiriku."

"Kwa hiyo ni yangu?"

"Ni yako. Bafu lote ni lako."

Mtoto akarukaruka, akakimbilia chumbani kutafuta taulo na sabuni. Msafi akaondoa kopo mlangoni, akaenda jikoni kuchukua maji ya moto. Aliporudi na birika, mlango wa bafu ulikuwa umefungwa, na Chiriku amekaa nje kwenye kigoda, taulo begani, miguu ameinyoosha.

"Mbona huingii?"

"Kuna mtu."

"Mtu gani?"

"Mtoto. Nimebisha hodi, kasema anaoga."

Msafi akacheka kidogo, kicheko cha mtu mzima anayedanganywa na mtoto. Akasukuma mlango. Mlango ukagoma kidogo, si kwa nguvu, kama kuna mwenye uzito mdogo aliyeuegemea kwa ndani, halafu ukaachia. Ndani hamkuwa na mtu. Sakafu kavu, beseni kavu, samaki wekundu wametulia kwenye pazia lao.

"Umeona? Hakuna mtu."

Chiriku akachungulia, akatingisha kichwa. "Amejificha kwa sababu umeingia bila hodi. Baba, si vizuri kumfungulia mtu mlango akiwa anaoga."

"Ingia uoge, mama."

"Akimaliza."

Utafanyaje? Mama yake alikuwa amemfundisha adabu vizuri: mlango ukifungwa, bisha; ukijibiwa, subiri. Alisubiri mpaka maji ya birika yakapoa. Jumapili ikawa vilevile. Msafi alipomtengea beseni jikoni, mtoto alikataa katakata.

"Nikiondoka atadhani nimechoka kumsubiri," alisema.

Msafi alilirudisha beseni jikoni, na maneno hayo yakabaki naye, asijue kwa nini.

Wiki ile akitoka kazini alipita moja kwa moja mwisho wa korido. Akasimama nje ya mlango na viatu vyake vya rangi, anasikiliza. Siku moja alisikia koki inamwaga maji, wazi kabisa, yale maji ya nguvu yanayogonga chini ya beseni. Akafungua. Kukavu. Siku nyingine bomba la ndani ya ukuta liliguna, mguno mrefu wa chini ulioanza pembeni na kuishia juu ya mlango. Huo aliujua. Alijikuta amerudi uani bila kukumbuka kutembea, mtu mzima mwenye ndevu.

Mwisho wa wiki wa pili Chiriku alikuja na mwanasesere wake, akakaa kigodani, akawa anapiga soga na mlango. Alimweleza aliye ndani habari za shule, za mwalimu mwenye kikohozi, za paka wa jirani. Mara mojamoja alinyamaza akasikiliza, kisha akasema, "Haya, usijali, mimi nipo." Msafi alikuwa jikoni anaosha vyombo, na sahani ikamponyoka.

Mama Chiriku alipokuja kumchukua Jumapili jioni, alimwinamia mwanawe amkumbatie, akainuka upesi.

"Mtoto ananuka jasho. Wiki iliyopita nilinyamaza. Msafi, hilo bafu umelipaka rangi ya maonyesho?"

"Hamna shida, ni utoto tu, wiki ijayo..."

"Nisikilize." Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomtisha. "Wiki ijayo nikimkuta hivi, halali tena hapa. Utakuja kumwona kwangu, sebuleni, unywe chai yako uondoke. Sitaki ugomvi, nataka mtoto aliyeoga. Ni jambo kubwa hilo?"

Si jambo kubwa. Ndilo dogo kuliko yote duniani, na ndilo lililokuwa linataka kumnyang'anya mwanawe. Msafi aliwaza kumweleza. Alifungua mdomo. Angesema nini? Kwamba bafu lina mwenyewe? Akaufunga mdomo, akabeba begi la mtoto mpaka kwenye gari.

Basi ikafika Jumamosi ya tatu. Mchana mweupe, jua limepenya mpaka korido. Chiriku yuko kigodani na taulo lake, Bibi amejikokota na fimbo yake na kiti akakaa karibu naye apate wa kuongea naye, na Msafi amesimama na birika mkononi, hajui aanzie wapi.

"Unangoja kuoga, mjukuu wangu?" Bibi akauliza. "Vizuri sana. Umemrithi baba yako. Unajua kwa nini anaitwa Msafi?"

"Kwa nini, Bibi?"

Msafi aliisikia hadithi hiyo kwenye harusi, kwenye misiba, mbele ya wakwe. Bibi aliisimulia kwa raha ileile kila mara.

"Alikuwa mdogo kama wewe. Watoto wengine ukiwatajia maji wanakimbia, unawafukuza mtaa mzima na sabuni mkononi. Huyu! Siku hiyo aliingia humo bafuni mchana. Mimi natoka kwenda sokoni, nikapita nikamwuliza, 'Unafanya nini humo?' Akanijibu, 'Naoga.' Nikamwambia, 'Haya, oga vizuri, mwanangu.' Nikaenda zangu. Narudi jioni, bado yumo! Maji yanamwagika! Nauliza, 'Bado unaoga?' 'Naoga!' Tulimwita jirani akaja na kisu kulisukuma komeo, maana lilikuwa limeng'ang'ania. Mtoto katoka ngozi imejikunyata yote, ananukia sabuni hadi barabarani. Jirani akasema, 'Shemeji, huyu si mtoto, huyu ni Msafi.' Ndiyo likabaki."

Chiriku alicheka mpaka taulo likamdondoka. Bibi naye akacheka, anajifuta macho kwa ncha ya kanga. Na katikati ya vicheko vyao, kutoka nyuma ya ule mlango usio na komeo, sauti ndogo ikasema:

"Nna woga."

Bibi hakugeuka hata kichwa. Masikio yake yalikuwa mazito, na mazoea yana ulimi wake mwenyewe. "Haya, oga vizuri, mwanangu," akasema, na kuendelea kujifuta macho.

Birika lilimtoka Msafi mkononi likamwaga maji sakafuni. Chiriku yuko mbele yake kigodani. Bibi yuko kitini. Yeye amesimama. Na ile sauti aliijua, maana ilikuwa yake.

Sema haraka, ndani ya bafu lenye mwangwi, nyuma ya mlango wa mbao: nna woga. Naoga. Nani atatofautisha? Taa ilikuwa imeungua siku ile. Komeo lilikuwa limeshika na vidole vyake havikuwa na nguvu ya kulivuta. Bomba ukutani lilikuwa linaguna, na yeye alikuwa na hakika kwamba kinachoguna kinashuka. Alifungua koki hadi mwisho ili maji yaizime ile sauti. Mama yake alipopita akamwuliza anafanya nini, alimwambia ukweli kama ulivyo, na mama yake akamwambia oga vizuri, akaenda zake. Akakaa pale kwenye giza na maji, akikwaruza ukuta, mpaka jioni. Kisha mlango ukafunguka, na watu wote wakawa wanacheka, wanampongeza, wanampa jina. Na mtoto afanyeje? Ukiambiwa uchague kuitwa Msafi au kuitwa Mwoga, utachagua lipi? Alichagua kunyamaza, na tangu hapo hakuacha.

Hivyo yule mtoto wa ndani hakuwa anaoga. Hakuwahi kuoga. Alikuwa ameachwa mle siku zote hizi, na yeye, aliyemwacha, alikuwa amemwekea maboksi na ngazi juu.

"Baba, unalia?" Chiriku akauliza.

"Nimejimwagia maji."

Angeweza kumbeba mtoto akamwogeshe jikoni kwa nguvu, akiwa analia, na jioni akamkabidhi safi. Alifikiria hivyo, sitaki kumpamba. Lakini wiki ijayo je? Na ile ijayo? Na angemwachaje Chiriku akalie kigoda kile utoto wake wote, anamliwaza mtu ambaye si wake kumliwaza?

Akafungua mlango, akaingia, akaufunga nyuma yake. Hakuweka kopo.

Mwanzoni palikuwa bafu tu. Kijani kichanga, samaki, harufu ya rangi isiyokauka sawasawa. Halafu taa mpya ikafifia, si kwa kukatika bali taratibu, na rangi ile ambayo aliichanganya kwa mkono wake ikawa haionekani, na kuta zikawa zile za zamani. Bomba likaanza kuguna. Lilianzia pembeni, palepale, likapanda. Msafi akauegemea mlango kwa mgongo. Mkono wake ukatafuta komeo ambalo yeye mwenyewe alilitupa, na ukalipata. Chuma baridi, limeshika.

Kitu kidogo kikamshika pindo la shati, usawa wa kiuno. Kilikuwa kimelowa. Hakuthubutu kutazama chini. Alikisikia kinapumua kwa kwikwi, na akatambua kwamba yeye naye anapumua hivyohivyo, pumzi kwa pumzi.

Nje, Chiriku akabisha hodi.

"Baba? Unafanya nini humo?"

Majibu yalikuwa tele. Natengeneza bomba. Naangalia rangi. Hamna shida. Yote yalimjia mdomoni yakiwa tayari, yamelainika kwa kutumika. Mkono uliomshika pindo ukakaza.

"Nna woga," Msafi akasema.

Akasikia kigoda kinaburuzwa sakafuni, akajua: mtoto anakaa kusubiri zamu yake. Halafu sauti ya Bibi, ya furaha, ya upendo mtupu, sauti aliyoingoja mle ndani na ambayo haikuwahi kumfaa:

"Haya, oga vizuri, mwanangu."

Giza likasogea. Msafi akafumba macho.

"Bibi, hajasema anaoga," Chiriku akasema. "Anaogopa."

"Nani anaogopa?"

"Baba. Kasema ana woga. Wewe hujasikia?"

Mguno wa bomba ulikuwa umefika juu ya mlango. Msafi alitaka kumwambia mtoto komeo limeshika, aende akamwite jirani, asiingie, lakini hakuwa na sauti iliyobaki. Mlango ukasukumwa. Haukugoma. Ulifunguka kama mlango wowote, ukampiga kidogo mgongoni, na mwanga wa korido ukaingia pamoja na Chiriku, taulo begani, amekunja uso kama mama yake anapokuta vyombo havijaoshwa.

Alimtazama baba yake. Kisha akatazama kando yake, chini kidogo, usawa wa macho yake mwenyewe, na uso ukamkunjuka.

"Kumbe ndiwe," akasema. "Mbona hukusema vizuri?"

Nje kwenye korido Bibi alikuwa amesimama, bila fimbo, mkono mdomoni. Alikuwa anatazama palepale mtoto alipotazama.

Chiriku akaushika mkono wa baba yake. Akanyoosha mkono wake wa pili hewani, akafumba vidole, akavuta.

"Haya, tokeni," akasema. "Na mimi nioge."